Bustani Nyuma ya Ghala

Kiwanja kile kilikuwa kipana, tambarare, na hakikuwa na hata unyasi mmoja. Hicho ndicho kilichompendeza Rahima. Mwanamke aliyekua na jembe mkononi, aliyepalilia mihogo na mbaazi tangu usichana wake, akikuta ardhi isiyo na magugu masika yanapokwisha, wakati kila mahali pengine nyasi zimemfika mtu kiunoni, atasema nini? Rahima alisema Mungu amemtunzia.

Kilikuwa nyuma ya lile lililokuwa ghala la chama cha msingi cha wakulima wa korosho, kando ya njia iendayo Chiungutwa. Ghala lenyewe lilishabaki kuta tupu. Soko la korosho lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda kutoka Masasi mjini na malori yao, chama kilikonda, kikaugua, mwishowe kikafa bila matanga. Watu wakaja wakang'oa mabati. Wakarudi wakang'oa milango na madirisha, na aliyechelewa akaondoka na matofali. Serikali ya kijiji ikatangaza kwamba anayetaka kulima uwanja wa nyuma na alime, hakuna atakayemuuliza. Watu walikuwa hodari sana wa mabati, lakini uwanja hakuna aliyeutaka isipokuwa Rahima.

Aliutaka kwa sababu ya Sophia, mwanawe wa pekee. Sophia aliolewa Newala, na huko Newala mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Sasa alikuwa na ya tatu, na kama ilivyo desturi ya kwao, alirudi kwa mama yake ailelee huko. Zahanati walimfunua kope, wakatazama, wakasema damu hakuna. Ale mboga za majani, tena kila siku. Kusema ni rahisi. Kiangazi kikishika, mchicha sokoni Lisekese unauzwa umeshanyauka, na kisamvu kilichobaki Sophia alikuwa hakitaki hata kukinusa.

"Mama," alisema Sophia jioni moja wakichambua mbaazi, "hii nayo ikitoka, mimi Newala sirudi. Mama mkwe ameshamtafutia Dastani mke mwingine. Wanangoja tu."

"Nani kakwambia inatoka?"

"Sijaambiwa na mtu."

 Rahima alimpenda mtoto huyu mpaka ikawa kama ugonjwa, na alijua hana dawa nyingine ya kumpa isipokuwa mikono yake. Kesho yake asubuhi alikuwa nyuma ya ghala na jembe.

Udongo ulikuwa wa kijivu, mwepesi, unamwagika jembeni kama jivu la kuni. Alipochimba chini kidogo, jembe likaleta vipande vya gunia vilivyooza na kibati chenye kutu. Takataka za ghala hizo, akazirusha pembeni. Kulikuwa na harufu pia. Harufu ya salfa aliijua, nani Masasi asiyeijua? Kila mwaka wakati wa kupulizia mikorosho watu wanaimeza mpaka makohozi yanakuwa ya manjano, na hakuna aliyekufa. Lakini nyuma ya ile ya salfa kulikuwa na harufu nyingine, tamu kidogo, inayokaa kooni. Ile hakuijua. Alitema mate, akaendelea kuchimba.

Akapanda mchicha. Ulichomoza siku zake zilipotimia, ukasimama, ukageuka manjano, ukalala chini wote. Mtu mwingine angesoma hapo. Ardhi ilikuwa imesema kwa lugha nyepesi kabisa kwamba haitaki. Lakini Rahima hakuwa mtu wa kukatazwa na udongo, na hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia, kwenye bidii yake.

Alisema udongo umechoka, unataka kulishwa. Alizunguka majiko ya jirani na debe akikusanya majivu. Akaomba samadi kwa Anjelina, aliyeitwa pia Mama Godwin, jirani yake Mmakua mwenye mbuzi wengi na moyo mkubwa. Akakwangua majani yaliyooza chini ya mikorosho, akachimba shimo, akayafukia na samadi yaivie humo. Akateremka bondeni akapanda na udongo mweusi kichwani, karai baada ya karai, shingo ikawa ngumu mpaka kugeuka akiitwa anageuka na mabega. Usione vyaelea, vimeundwa. Alitifua, akachanganya, akamwagilia, akaacha upoe, akatifua tena. Mwishowe ule udongo wa kijivu ukawa mweusi, laini, unashikana mkononi na kuachana. Mkulima yeyote angeufinya kiganjani na kutikisa kichwa kwa wivu.

Jambo moja lilimshangaza. Katika samadi ya Anjelina kulikuwa na funza wanene weupe, wale wa kawaida wa zizini. Alipokuja kugeuza matuta aliwakuta humo, wamekunjamana, wamekauka.

"Joto la samadi," alisema Anjelina. "Tena afadhali, maana wale hula mizizi."

"Nami nimesema hivyo hivyo, Mama Godwin," alisema Rahima, na akafurahi kwamba wamewaza sawa.

Katika siku hizo za kutifua, alipita Fakihi. Fakihi alikuwa mlinzi wa ghala enzi za chama, mzee mwembamba, sasa alikuwa akitengeneza baiskeli za watu chini ya kibanda chake cha makuti. Alisimama kwenye kona ya ukuta, akamtazama Rahima kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Shikamoo, baba," Rahima alisema.

"Marahaba. Mama Sophia, hapo tangu zamani hapaoti kitu."

"Hata nyasi?"

"Hata nyasi."

"Basi nyasi na mboga ni mahasimu, baba. Amekufa mmoja, atakula mwingine." Akacheka. "Au wataka nikupe tuta moja? Sema tu, usione haya."

 Fakihi alitazama pale chini, si kwenye matuta, bali katikati ya uwanja, mahali palipokuwa pamedidimia kidogo. Halafu akasema anakwenda, kuna tairi linamngoja, akaenda. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wakati huo Rahima alidhani mzee amechukia utani.

Mbegu za pili hakuzimwaga hivi hivi. Safari hii alitaka idhini. Kwao ardhi mpya haipandwi kitu kikubwa bila kuwaambia wazee waliotangulia, na wazee huambiwa kwa unga wa mtama. Unauchota kwa ncha za vidole, unaudondosha taratibu mahali pamoja huku ukiwataja kwa majina, mpaka unasimama kichungu, kirundo kidogo chenye ncha. Ukiamka ukakuta kichungu kimesimama kama ulivyokiacha, wamekubali. Ukikuta kimevurugwa, tafuta pengine. Ni kazi ya mkubwa wa ukoo, na mkubwa wao alikuwa kaka yake, Suleimani, lakini Suleimani alikuwa Newala na nauli haiokotwi. Rahima akaifanya mwenyewe. Alichuchumaa katikati ya matuta jua likiinama, akamtaja mama yake, akamtaja bibi yake, akataja na wale alioambiwa majina yao tu.

"Sijaja kutaka mali," alisema. "Nataka mboga za mtoto. Mniachie huyu mmoja."

Asubuhi alikwenda mbio. Unga ulikuwa umesimama, mweupe, ncha yake haikupungua hata chembe. Rahima aliketi chini akalia kwa furaha. Kesho yake ulikuwa bado umesimama, na siku iliyofuata pia. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walipita kutazama, na wote wakasema hawajapata kuona kukubaliwa kwa namna ile. Ukaja kuondolewa na maji yake mwenyewe ya kumwagilia.

Na mchicha ukaota. Ukaota kama uliotumwa. Majivu na samadi vilikuwa vimefanya kazi yake, majani yakawa mapana kama kiganja cha mwanamume, ya kijani kibichi, na hakuna jani lililokuwa na tundu. Bustani za bondeni zilikuwa zimetobolewa na wadudu majani yakawa chekecheke. Ya Rahima haikuguswa na panzi wala kiwavi. Watu wa njiani walisimama. Mwanamke mmoja alimwomba fungu, naye akakataa.

"Hii ni ya mwenye mimba," alisema. "Mtanisamehe."

Walisema Mama Sophia amekuwa mchoyo uzeeni. Akawaacha waseme. Hata yeye mwenyewe hakuionja, alikula ugali wake kwa mbaazi na dagaa, sahani ya mboga akaisukuma kwa mwanawe, akakaa akamtazama anavyotafuna. Huo ulikuwa ndio wakati mtamu wa siku yake yote.

Kuku wa Anjelina alikutwa amekufa kando ya yale matuta, miguu imenyooka, denda limemtoka mdomoni. Watu wakasema ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku, maana kila kiangazi mdondo hupita. Lakini kuku wengine wa Anjelina hawakufa, na hakuna aliyeuliza kwa nini mdondo mwaka ule umechagua mmoja.

Sophia naye mwanzoni alisema anajisikia nguvu. Baadaye akaanza kutokwa na jasho asubuhi, kwenye baridi. Mate yakamjaa mdomoni, akawa anatembea na kikopo cha kutemea. Rahima alisema ndivyo mimba za kike zilivyo. Kisha kope la jicho la kushoto likaanza kumchezacheza lenyewe, na misuli ya mapaja usiku, na tumbo likawa linamsokota. Alilalamika kwamba anaona giza mchana.

"Damu bado haijatosha," alisema Rahima. "Ongeza mboga, mwanangu. Kula na hii."

Sophia alikula na ile. Alikuwa mtoto msikivu.

Suleimani alishuka kutoka Newala korosho za kwanza zilipoanza kudondoka. Alikuwa ametumwa na upande wa mume aulize hali, na yeye mwenyewe alitaka kumwona mpwa wake. Alimkuta amelala mkekani barazani, uso umetota jasho. Sophia alijiinua akamwamkia, akalala tena.  Suleimani alimchukua dada yake pembeni, akamwambia mtoto huyu haonekani vizuri, lazima wazee waambiwe, na waambiwe leo, pale penye mti wenyewe. Nyuma ya nyumba ya Rahima kulikuwa na msolo, mti wa wazee, uliopandwa na waliohamia hapo kwanza.

Wakaenda. Suleimani akachuchumaa shinani, akachota unga kwa ncha za vidole, akaanza kuudondosha na kuwataja. Hakufika kwenye jina la bibi yao. Sisimizi mmoja alitokea kwenye mzizi, akachukua chembe, akarudi. Kisha wakaja wawili, kisha ukawa mstari mzima.

"Kaka, wanauharibu," Rahima alisema, akainama kuwafukuza kwa upepo wa kanga.

"Waache. Tutaufunika kwa chungu. Kwani wewe wa kule bustanini hukuufunika?"

"Sikuufunika. Ulisimama wenyewe."

"Mpaka asubuhi?"

"Mpaka asubuhi, na zaidi. Ungekuwepo mpaka leo, ni maji yangu yaliyouondoa." Aliyasema haya kwa fahari, hata katika hali ile. "Watu wote walikuja kuutazama, kaka."

Mkono wa Suleimani ulisimama hewani na unga ndani yake. "Hakuja hata sisimizi?"

"Hata mmoja."

"Hujapata kuona sisimizi mle? Mchwa? Nyungunyungu ukichimba?"

 Rahima alirudi nyuma kichwani, karai baada ya karai, tuta baada ya tuta. Aliwaona wale funza waliokunjamana. Aliona majani yasiyo na tundu.

"Rahima," kaka yake alisema polepole, kama mtu anayeogopa kufika mwisho wa maneno yake, "unga ukisimama mahali penye sisimizi, tunasema wazee wamewazuia. Mahali pasipo na sisimizi, nani amemzuia nani?"

Walimkuta Fakihi, yule aliyesema hapaoti kitu, chini ya kibanda chake, baiskeli imepinduliwa mbele yake. Hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa amekaa na mzigo kichwani akingoja wa kumtua.

"Dawa za maji," alisema. "Zile kali za wadudu, zilizokwisha muda ghalani. Mwaka chama kilipokuwa kinafungwa tuliambiwa tuzifukie kabla wakaguzi hawajaja. Tukachimba shimo, tukamimina, tukatupa na mifuko ya salfa iliyoharibika, tukafukia. Nikaambiwa nisiseme, chama kisije kikalaumiwa."

"Chama kimekufa, Fakihi," alisema Suleimani.

"Najua kimekufa. Mdomo ulikuwa umeshazoea."

"Uliniona nikilima," Rahima alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulisimama pale ukaniona."

"Nilikuona, Mama Sophia. Nikasema hapaoti kitu, atachoka mwenyewe ataacha." Mzee alikuwa anatazama mikono yake yenye grisi. "Sikujua kwamba utapaotesha."

Rahima alikwishaondoka. Alikimbia kama hajapata kukimbia tangu utoto, kanga ikamdondoka njiani hakuiokota. Alipofika, baraza ilikuwa tupu na Sophia alikuwa jikoni. Alikuwa amejikongoja kwenda kuchuma mwenyewe, amepika, amekula, na sufuria ilikuwa pembeni imekombwa. Alikuwa amekaa amejiegemeza kwenye kiguzo, mate yanamtiririka kifuani, na mikono yake ilikuwa inatetemeka yenyewe mapajani.

"Mama, nimekula yote," alisema. "Kama ulivyosema."

Lori la mnunuzi mmoja wa korosho liliwabeba mpaka hospitali, Sophia kalazwa juu ya magunia, mama yake kamshika kichwa. Aliyatapika yale ya siku ile na wakamchoma sindano, akapona yeye. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, wa kike, na hakulia. Rahima ndiye aliyempokea katika kitambaa. Alikuwa na kucha zote. Rahima alizitazama kucha zile moja moja, na tangu hapo hajapata kutazama mkono wa mtoto mchanga wa mtu yeyote.

Sophia hakurudi Newala. Dastani alioa huyo aliyetafutiwa, na harusi ilisikika mpaka huku. Sophia akabaki kwa mama yake, hakumsema vibaya wala hakumlaumu hata siku moja mbele ya watu. Ila chakula kikiletwa, kabla hajanawa, huuliza mboga imetoka wapi. Huuliza kwa upole, na Rahima hujibu kwa upole, na kila mara lile swali humkata upya mahali pale pale.

Bustani aliing'oa yote aliporudi, akaichoma, na majivu akayachimbia chini sana. Alidhani ndiyo mwisho. Lakini mchicha ule ulikuwa umeshadondosha mbegu kabla hajaung'oa, na mvua za kwanza zilipopiga, uwanja mzima uliota. Matuta yaliota, na katikati ya matuta, na mpaka chini ya kuta za ghala ambako hakuwahi kupanda kitu. Kama angekuwa mvivu, pale pangebaki peupe na pangemwambia kila apitaye ukweli wake. Sasa palikuwa panadanganya, na yeye ndiye aliyepafundisha, kwa debe la majivu na samadi ya jirani. Wapita njia wanatamani. Waliopo wanajua, lakini kila msimu wa korosho huja vibarua wageni kutoka mbali, wenye njaa, wasiojua kitu, na mchicha hauna mwenyewe.

Kwa hiyo Rahima anakwenda. Kila asubuhi ya masika yuko pale ameinama, anang'oa kile alichokiomba kwa kulia, na kila akimaliza upande huu, upande ule umeshachomoza tena. Wanawake wa kisimani hawasimami siku hizi. Humsalimia kutoka njiani, wakaongeza mwendo.

Na jioni, kabla hajaondoka, hutoa unga kidogo kwenye pindo la kanga. Huchuchumaa pale pale katikati, akaudondosha kwa ncha za vidole, na wazee hawataji tena kwa majina. Anaomba kitu kimoja tu, kwamba akija asubuhi akute umevurugwa. Akute sisimizi wameupitia, au hata mchwa mmoja. Asubuhi huja akainama kutazama. Unga umesimama, mweupe, una ncha, na yeye huufuta kwa kiganja akaanza kung'oa.